Maiti Kisimani: Utendi wa Fumo Liyongo na Modeli za Ubongo kuhusu Uoni, Hofu na Mwendo

Utangulizi

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ambao mswada wake wa mwaka 1913 unahusishwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, kuna tukio moja ambalo wahakiki wengi wamelipita kwa haraka. Liyongo amekwisha kudungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Badala ya kuanguka papo hapo, anachukua uta na mishale yake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuutega mshale kana kwamba yu tayari kuufyatua. Mauti yanamkuta katika hali hiyo. Watu wa mji wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanaingiwa na hofu na kurudi walikotoka. Siku zinapita, kiu inazidi, na hapana anayethubutu kukisogelea kisima. Wanamwendea mamake ili akambembeleze. Naye anakwenda, anamsemesha kwa upole na kwa tungo, lakini jibu halipati. Hatimaye mwili unaanguka, na hapo ndipo wanapotambua kwamba yule waliyekuwa wakimwogopa alikuwa maiti. Kisa hiki kimo pia katika masimulizi ya nathari yaliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, jambo linaloonyesha kwamba ni sehemu ya kiini cha hadithi yenyewe, wala si nakshi ya mtunzi mmoja.

Tahakiki zilizopo zimelishughulikia tukio hili chini ya vichwa vya ushujaa, usaliti na historia ya miji ya pwani ya kaskazini. Mikabala hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, kuna swali rahisi ambalo halijaulizwa vya kutosha: watu wale waliona nini? Mwili uliokuwa mbele yao haukusonga, haukusema, wala haukumdhuru mtu. Ilikuwaje basi jicho la mji mzima likakosea kwa siku kadhaa mfululizo?

Swali hili lina umuhimu wa pekee kwa wakati huu. Tangu miaka ya 1990, uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani umevutiwa sana na sayansi ya ubongo. Patrick Colm Hogan katika The Mind and Its Stories (2003) na Lisa Zunshine katika Why We Read Fiction (2006) ni miongoni mwa waliojaribu kueleza usomaji kwa kutumia matokeo ya sayansi hiyo. Mkondo huo sasa unaingia katika tasnifu za uzamili na uzamifu za Afrika Mashariki. Makala haya yanalenga kuupima kwa kuuweka mbele ya utendi mmoja. Hoja yake kuu ni kwamba modeli za ubongo zinamfaa mhakiki pale zinapoeleza namna mwili unavyovutwa na sauti au umbo, lakini zinapungukiwa pale zinaposahau kwamba kile kionekanacho kimekwisha kuandaliwa na maneno. Kisima cha Liyongo kinaliweka wazi pungufu hilo.

Modeli na mipaka yake

Ni vyema kwanza kueleza neno modeli linavyotumika hapa. Modeli ya kisayansi si picha ya ubongo. Ni maelezo yaliyorahisishwa kwa makusudi, ambayo huteua mambo machache, huyapa uhusiano, kisha hutabiri kitakachotokea katika jaribio. Ubora wake hupimwa kwa mambo mawili: kinachoelezwa, na kinachoachwa nje.

Kwa muda mrefu modeli hizo zilikuwa kama ofisi yenye meza tatu. Uoni ulikuwa na meza yake, hisia yake, na mwendo yake. Habari ilipita kutoka meza moja hadi nyingine kwa utaratibu. Kazi mashuhuri za Hubel na Wiesel, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1959 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981, zilionyesha jinsi seli moja moja za ubongo wa paka zinavyoitikia mistari yenye mlalo maalumu. Mafanikio hayo yaliwafanya wengi waamini kwamba kuona ni kupokea vipande vidogo na kuvijenga hatua kwa hatua, na kwamba hofu na kitendo hufuata baadaye, jengo likishakamilika.

Mgawanyo huo ulikuwa umekwisha kutiliwa shaka. Mwaka 1950 von Holst na Mittelstaedt walidai kwamba kila mara mwili unapoamriwa kusonga, nakala ya amri hiyo hupelekwa kwenye mifumo ya uoni, ili kiumbe atambue lipi limesogea: yeye au ulimwengu. Kwa maelezo hayo, mwendo si meza ya mwisho. Umo ndani ya kuona kwenyewe. Tangu hapo modeli zilizovutia wahakiki zimekuwa zile zinazoyaunganisha mambo haya matatu, na tatu kati ya hizo zitachunguzwa hapa: modeli ya niuroni-kioo, modeli ya njia mbili za hofu, na modeli ya utabiri.

Gungu gerezani: mahali modeli inapofaa

Kabla ya kufika kisimani, ni haki kuonyesha mahali ambapo sayansi hii inamsaidia mhakiki bila mashaka. Liyongo akiwa kifungoni, anamtuma kijakazi Saada kwa mamake na ujumbe wa mafumbo. Mama anatengeneza mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanajitwalia chakula kizuri na kumwachia mfungwa mkate duni. Kisha Liyongo, akisubiri kuuawa, anaomba apigiwe gungu. Ngoma inapokolea, yeye anazikata pingu zake kwa tupa, na sauti ya chuma inamezwa na sauti ya ala na waimbaji.

Msomaji wa kawaida atasema kwamba kelele ilificha kelele. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa ngoma si kelele tu. Grahn na Brett (2007) waliupima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza midundo bila kusogeza viungo vyao. Midundo yenye pigo bayana iliamsha sehemu zinazoratibu mwendo, zikiwemo zile za ndani ambazo huathirika mtu anapopatwa na ugonjwa wa Parkinson. Msikilizaji aliyetulia tuli, kwa hiyo, tayari amekwisha kuingizwa katika mwendo. Anajiandaa kwa pigo lijalo kabla halijapigwa.

Ufafanuzi huu unaipa hila ya Liyongo kina kipya. Gungu halikuziba masikio ya waliohudhuria tu. Liliitwaa miili yao. Aliyekwisha kufungamana na pigo la ngoma hana nafasi ya kulifuata pigo jingine lisilo la mpangilio huo. Mtunzi hakulieleza jambo hili kwa istilahi, wala hakuwa na haja ya kulieleza. Alilijenga katika tukio.

Hata hapa, lakini, kuna sehemu ya hila ambayo modeli ya mdundo haiigusi, nayo ni mkate. Walinzi waliuona mkate wa wishwa, na hawakuuona. Macho yao hayakuwa na hitilafu. Kilichouficha mkate huo ni daraja: wishwa ni kapi, chakula cha mtu aliyekwisha kudharauliwa, na kitu kilichodharauliwa hakipekuliwi. Dharau hiyo haikuanzia katika jicho. Ilitoka katika mfumo wa jamii uliowafundisha walinzi nani hula nini. Mkate wa wishwa unatangulia kutoa onyo ambalo kisima kitalirudia kwa ukubwa zaidi.

Kisimani: mwendo usiokuwepo

Modeli iliyopendwa kuliko zote na wahakiki ni ile ya niuroni-kioo. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Parma nchini Italia, wakiongozwa na Giacomo Rizzolatti, waliripoti kwamba baadhi ya seli katika ubongo wa kima aina ya makaka huwaka kima anapokamata kitu, na huwaka vilevile anapomtazama mwingine akikikamata. Jina la niuroni-kioo lilifuata mwaka 1996. Mwaka 2010 Mukamel na wenzake waliripoti seli zenye tabia kama hiyo kwa binadamu, baada ya kurekodi ubongo wa wagonjwa 21 wa kifafa waliokuwa wakitayarishwa kwa upasuaji. Wahakiki waliona hapa ufunguo wa siri ya usomaji: msomaji humwelewa mhusika kwa kuwa ubongo wake huigiza kimyakimya matendo ya mhusika huyo.

Tukiiweka modeli hii kisimani, inakwama kwenye hatua ya kwanza. Hakuna kitendo cha kuigizwa. Liyongo hasogezi mkono. Mtetezi wa modeli anaweza kujibu kwamba umbo lililotulia nalo hubeba mwendo. Jibu hilo lina msingi. Umiltà na wenzake (2001) walionyesha kwamba baadhi ya niuroni-kioo za kima huwaka hata pale sehemu ya mwisho ya kitendo inapofichwa nyuma ya pazia, mradi kima awe anajua kwamba kuna kitu nyuma yake. Kourtzi na Kanwisher (2000) nao walionyesha kwamba picha mnato ya mtu aliye katikati ya tendo, kwa mfano mwanamichezo, huamsha maeneo ya ubongo yanayoshughulikia mwendo uonekanao kuliko picha ya mtu aliyepumzika. Goti lililopigwa, uta uliovutwa na mshale uliotegwa ni mwendo uliosimamishwa. Jicho la mtazamaji huukamilisha.

Majibu haya yanaeleza mtazamo wa kwanza. Yanaeleza kwa nini aliyetangulia kufika kisimani asubuhi ile alishtuka. Hayaelezi siku zilizofuata. Mwendo uliosimamishwa usipoendelea, mtazamaji yeyote huanza kuona sanamu. Mpiga mishale wa kawaida akikaa kutwa nzima bila kupepesa macho, watu wataulizana, mtoto atarusha kijiwe, mwisho mtu atasogea. Kisimani hapakutokea hivyo. Na jambo lililozuia hilo halikuwa katika umbo la mwili, kwa sababu umbo hilohilo la mtu mwingine lisingelizuia.

Isitoshe, niuroni-kioo zenyewe zimepingwa na wanasayansi. Gregory Hickok, katika makala ya mwaka 2009 na baadaye katika kitabu The Myth of Mirror Neurons (2014), alitoa hoja kwamba kutambua kitendo hakulazimu kukiigiza, kwani wapo wagonjwa ambao uwezo wao wa kutenda umeharibika na bado wanaelewa matendo ya wengine. Mhakiki anayeijenga tasnifu nzima juu ya niuroni-kioo bila kutaja ubishi huo anaazima nusu ya sayansi.

Hofu ya siku nyingi

Modeli ya pili inahusu hofu. Joseph LeDoux, katika The Emotional Brain (1996), alieleza kwa kutegemea majaribio ya panya kwamba ishara ya hatari hupita njia mbili. Moja ni fupi: hutoka katika milango ya hisi, hupita thalamasi na kufika moja kwa moja kwenye amigdala, kijisehemu kilicho ndani ya ubongo pande zote mbili, kinachouandaa mwili kujihami. Nyingine ni ndefu: hupitia gamba la ubongo, ambako umbo huchunguzwa vizuri zaidi. Njia fupi humfanya mtu aruke nyuma kabla hajajua kama alichokiona ni nyoka au kamba.

Maelezo haya yanapendeza, na yanafaa kwa mtu mmoja na kwa nukta moja ya wakati. Hofu ya kisimani, hata hivyo, ni ya watu wengi na ya siku nyingi. Njia ndefu ilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kulichunguza umbo na kuisahihisha njia fupi. Haikuisahihisha. Zaidi ya hayo, walioogopa si wale tu waliofika kisimani. Waliogopa pia waliobaki majumbani, ambao habari iliwafikia kwa mdomo. Hofu yao haikupita njia yoyote itokayo machoni.

LeDoux mwenyewe amerekebisha msimamo wake. Katika Anxious (2015) alisisitiza kwamba mizunguko hiyo ya neva hushughulikia kujihami dhidi ya hatari, na kwamba hofu kama binadamu anavyoihisi ni jambo jingine linalohitaji fahamu na maana. Ushahidi wa kitabibu unaelekea upande huo. Mgonjwa ajulikanaye kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibika, alipata umaarufu tangu mwaka 1994 kwa kushindwa kuitambua hofu katika nyuso za watu. Lakini mwaka 2013 Feinstein na wenzake waliripoti kwamba, alipovuta hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi, yeye na wagonjwa wengine wawili wa aina yake walishikwa na hofu kuu. Hofu, kwa hiyo, haina nyumba moja katika ubongo. Kauli kama "amigdala ya wanamji iliamka" katika tahakiki haielezi kitu. Imelibadilisha neno hofu kwa neno la kigeni tu.

Lisa Feldman Barrett, katika How Emotions Are Made (2017), anakwenda mbali zaidi: kwake hisia hujengwa, na miongoni mwa malighafi zake ni dhana ambazo mtu amezipata katika lugha na utamaduni wake. Utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa na Gendron, Barrett na wenzao miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania ulipata ushahidi mdogo sana wa dai kwamba wanadamu wote husoma hisia zilezile katika nyuso zilezile. Hapa ndipo modeli ya ubongo inapoanza kumkaribia mhakiki, maana imekiri kwamba bila dhana hakuna hofu kamili. Swali linalobaki ni hili: dhana hizo wanamji wa Liyongo walizipata wapi?

Sifa kama matarajio

Modeli ya tatu inatoa nafasi ya kulijibu swali hilo. Mizizi yake ni kwa Hermann von Helmholtz, ambaye katika karne ya 19 alidai kwamba kuona ni kukisia bila kujua kwamba unakisia. Rao na Ballard (1999) waliipa rai hiyo umbo la kihisabati: sehemu za juu za ubongo hutuma matarajio kwenda chini, na sehemu za chini hurudisha kosa tu, yaani tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichofika. Karl Friston ameieneza kanuni hiyo hadi kwenye mwendo: mwili husonga ili kuyatimiza matarajio yake wenyewe. Katika modeli hii uoni, hisia na mwendo ni kazi moja.

Tukirudi katika utendi kwa jicho hili, tunaona kwamba hofu ya kisimani imetayarishwa hatua kwa hatua tangu mwanzo. Liyongo anakutana na Wagala. Anapuliza panda mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu panda inapasuka. Anaufungua mkoba wake, na ndani yake hutoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, shehena ambayo mtu wa kawaida asingeweza kuibeba. Wagala wanatishika. Baadaye wanaotaka kumuua wanapanga ale makoma pamoja nao kwa zamu, kila mtu akipanda mti siku yake, ili wamfume akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale. Kila tukio linaongeza jambo moja katika akiba ya matarajio: pumzi yake hupasua pembe, mzigo wake hauna kipimo, mshale wake haukosi, na mtego anaotegewa humgeukia aliyeutega.

Mtu mwenye akiba hii akimwona Liyongo ametulia na mshale umetegwa, utulivu wenyewe unakuwa ushahidi wa hatari. Kutosonga hakumwambii kwamba huyu amekufa. Kunamwambia kwamba huyu anangoja, kama alivyongoja chini ya mkoma. Hapa kosa halirudi kusahihisha matarajio, kwa kuwa kila kinachoonekana kinayathibitisha. Njia pekee ya kupata ushahidi tofauti ilikuwa kusogea, na kusogea ndiko kulikokatazwa na matarajio hayohayo. Modeli ya utabiri inaueleza mzunguko huu vizuri. Inaeleza pia kwa nini uzito wa mwili, jambo lisilojali sifa ya mtu, ndio uliokuja kuwafumbua watu macho.

Lakini modeli inaeleza umbo la mzunguko tu, haielezi kilichomo. Katika maandishi ya Friston matarajio ni kiasi cha hisabati. Hayana mtunzi, hayana mji, hayana siasa. Kisimani matarajio ni sifa. Sifa ya Liyongo ilitungwa, ikaimbwa, ikasafiri kutoka kinywa hadi kinywa, na wapo waliofaidika nayo na walioiogopa. Wanasayansi huziita nguvu hizi maarifa ya awali na kupita. Mhakiki hawezi kupita. Kwake maarifa hayo ya awali ndiyo fasihi yenyewe, na kuyachunguza ndiyo kazi yake ya kila siku.

Fani ya utendi nayo inashiriki. Ubeti wenye vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikirudisha bahari ya utendi mzima, ni chombo cha kuzoesha sikio kutarajia. Msikilizaji anayeujua utaratibu huo huishi ndani ya utabiri unaotimizwa kila ubeti. Yeye naye amefunzwa kuamini kwamba kilichoanza kitamalizika kama kilivyotarajiwa, na ndiyo maana mwili unaokataa kuanguka beti kwa beti unamgusa.

Mama, wanamji na msikilizaji

Kuna jambo moja zaidi ambalo modeli zote tatu hazilifikii kwa urahisi. Mbele ya mwili ule mmoja kuna aina tatu za watazamaji, na kila mmoja anaona kitu tofauti. Wanamji wanaona adui aliyekasirika. Mama anaona mwana aliyekasirika. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo na uzito wake ni mkubwa, kwa maana hasira ya mwana hubembelezwa, hali hasira ya adui hukimbiwa. Macho ni ya namna moja, umbo ni lilelile, lakini uhusiano umebadilisha kinachoonekana na kitendo kinachofuata. Na mama naye anakosea. Upendo wake unamleta karibu, haumpi ukweli.

Mtazamaji wa tatu ni msikilizaji wa utendi. Yeye anajua kile wasichokijua wahusika: siri ya kitovu imekwisha kutolewa, na sindano imekwisha kupita. Nadharia ya kuigiza ingetabiri kwamba msikilizaji ataambukizwa hofu ya wanamji, kwa kuwa ubongo wake utaakisi miili inayotetemeka. Mwenendo wa masimulizi unampeleka kwingine. Msikilizaji haogopi, anahuzunika, na huenda akatabasamu kidogo kwa kejeli ya mji mzima kuzingirwa na marehemu. Mamake anapoimba, huzuni hiyo inakuwa nzito, kwa sababu msikilizaji anajua kwamba tungo zinaangukia sikio lisilosikia. Hisia ya fasihi hapa inazaliwa na umbali kati ya ajuacho msikilizaji na ajuacho mhusika. Modeli inayoanza na kuakisi inauondoa umbali huo, na kwa kuuondoa inaliua tukio.

Tahadhari mbili

Uchunguzi huu unamwonya mhakiki dhidi ya vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuazima mamlaka. Tasnifu yenye majina ya sehemu za ubongo huonekana ya kisasa, na mtahini asiyezijua huweza kunyamaza. Lakini istilahi isiyobadilisha usomaji wa ubeti hata mmoja ni pambo. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni rahisi: modeli ikiondolewa katika makala, je, kuna jambo lolote kuhusu matini litakalopotea? Kuhusu gungu, lingepotea jambo. Kuhusu kauli nyingi zinazotolewa juu ya niuroni-kioo, lisingepotea lolote.

Cha pili ni kinyume chake, nacho ni kudai kwamba wahenga walikwisha kuyajua haya yote. Kiswahili kinatoa mwanya wa dai hilo. Mswahili huona haya, huona wivu, huona uchungu na kuona kiu. Husikia harufu, husikia baridi na kusikia njaa. Kitenzi cha jicho kinatumika kwa hisia za moyo, na cha sikio kinatumika kwa pua na tumbo. Hofu nayo humwingia mtu au humshika, kana kwamba ina mikono. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake kama mtu wa pili anayehitaji kuonywa. Ni rahisi kuhitimisha kwamba lugha hii ilikataa meza tatu za wanasayansi kabla wao hawajazikataa.

Hitimisho hilo halifai. Nahau si jaribio, na matumizi ya neno kuona hayatoi ushahidi wowote kuhusu seli za neva. Kiingereza nacho kina nahau zake, na wasemaji wake hawakuwa na ubongo tofauti. Kinachoonyeshwa na nahau hizi ni namna jamii ilivyozipanga tajriba zake ili ziweze kusemwa, na upangaji huo ndio unaowapa watu dhana za kuonea. Thamani yake ni kubwa kama ilivyo, bila kuvikwa joho la maabara.

Hitimisho

Makala haya yameziweka modeli tatu za ubongo mbele ya tukio moja la utendi. Modeli ya mdundo na mwendo imetia mwanga katika hila ya gungu. Modeli ya niuroni-kioo imeeleza mshtuko wa kwanza kisimani na kushindwa kueleza yaliyofuata. Modeli ya hofu, baada ya kurekebishwa na mwasisi wake, imekiri kwamba inahitaji dhana. Modeli ya utabiri imeeleza jinsi mji mzima ulivyonaswa na matarajio yake, lakini imeliacha tupu sanduku la matarajio hayo.

Sanduku hilo ndilo mali ya mhakiki wa fasihi. Uhusiano wa taaluma hizi mbili, kwa hiyo, haupaswi kuwa wa mwombaji na mfadhili. Mwanasayansi anayetaka kujua jinsi binadamu aonavyo kile alichosimuliwa atahitaji matini ambamo masimulizi hayo yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua, na pwani ya Kiswahili imehifadhi matini za namna hiyo kwa karne nyingi. Mwanafunzi wa fasihi atakayeingia katika uwanja huu hana budi kusoma sayansi yake kwa ukamilifu, pamoja na mabishano yake. Halafu aurudie utendi na kuuliza, ubeti kwa ubeti, ni nani aliyewafundisha wanamji kumwogopa mtu aliyekwisha kufa.